Fomu ya mnada wa samaki inafika tupu

Mdogo wangu wa Bagamoyo, unasema MessageBodyReader yako (klasi ya JAX-RS, maktaba ya Java ya huduma za wavuti, inayogeuza mwili wa ombi kuwa kitu cha Java) inaitwa vizuri, ila data za fomu ya mnada wa samaki zinafika tupu. Usiiguse kwanza, kagua filta zako, yaani msimbo unaolipitia ombi kabla halijafika kwake. Ikiwa mojawapo inaita getParameter, ya kuchukua thamani ya fomu, imeshasoma mwili wote wa ombi. Ndipo readFrom, mbinu ya kusoma ya MessageBodyReader yako, inakuta kisima kikavu. Mimi hapa Tanga nilikesha siku mbili kwa hilo, nikiilaumu seva bure.

Jingine: ndani ya readFrom, kata data za fomu kwenye &, kisha kwenye =, ndipo ufungue kila kipande kwa URLDecoder (klasi ya Java inayorudisha herufi zilizofichwa kama %26), UTF-8. Ukitanguliza kufungua, “Kamba & Ngisi”, iliyokuja kama Kamba+%26+Ngisi, itapasuka katikati na ngisi atapotea. Na isReadable, mbinu inayoulizwa kama MessageBodyReader yako inaweza kusoma aina fulani, irudishe true kwa klasi yako tu, isije ikadaka fomu zisizoihusu.