"Naomba Msaada, Intaneti Haifanyi Kazi"

Shikamoo mzee. Nimeweka Ubuntu, ule mfumo wa bure wa kuendesha kompyuta, kwenye laptopu, Wi-Fi ikagoma. Nikaenda kwa wanaojitolea kusaidia mtandaoni, nikaandika hayo maneno ya kichwani hapo juu. Siku ya tatu leo, kimya. Wananidharau? (Igoma)

Marahaba, mwanangu. Hawakudharau, hujawapa pa kushika. Fundi simu wa Makoroboi ukimwambia "simu mbovu" anaichukua, anaiwasha, anaifungua. Hawa wako Brazili na Ujerumani, laptopu yako wataionaje? Andika toleo la Ubuntu (24.04 maana yake lilitoka Aprili 2024), aina ya laptopu, ulichofanya kabla haijagoma, na ulichokwisha kujaribu. Ujumbe wa kosa unakili kama ulivyo, usiutafsiri. Picha uliyoipiga kwa simu, nusu yake kivuli cha kidole, haisomeki.

Sasa shida yako yenyewe. Unganisha simu na laptopu kwa waya wa USB, kisha washa kwenye simu kile kipengele cha kugawa intaneti. Utapata mtandao wa kuazima. Fungua terminali (dirisha la kuandikia amri), andika `lspci`, amri inayoorodhesha vifaa vya ndani ya laptopu, ubandike majibu yote kwenye swali lako. Mara nyingi humo ndimo jina la kadi ya Wi-Fi lilimo, na mwenye kadi kama yako atajitokeza.

Kaka, Kiingereza changu cha kuokotaokota. Si watanicheka? (Nansio, Ukerewe)

Andika sentensi fupifupi, dada. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, msingi wa Ubuntu, mwaka 1991 akiwa mwanafunzi Helsinki, alikulia kwenye Kiswidi. Tena Kiswahili chako kina kazi: OpenOffice, programu ya bure ya kazi za ofisi, ilipata sura ya Kiswahili mwaka 2004 kwa juhudi za Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na tafsiri za programu hizi hazijawahi kuisha. Huko kwenye kutafsiri hutaulizwa kama unajua kuandika programu.

Nimeambiwa "soma maelekezo kwanza". Nimejitoa. (Kirumba)

Umesusa mapema. Mimi pia niliambiwa, nikanuna wiki nzima, kisha nikasoma. Jibu lilikuwa ukurasa wa kwanza. (Mke wangu bado ananikumbusha.) Soma, urudi useme umefika wapi na umekwama wapi, utaona sauti zinavyobadilika. Likiwa tusi kweli, usilirudishe, waambie wasimamizi. Jamii ya Debian, mfumo uliozaa Ubuntu, kwa mfano, ina kanuni za maadili tangu 2014.

Niwaandikie faraghani? (Buzuruga)

Hapana, labda wakuambie.

Nimesaidiwa, imepona. Nilipe? (Nyegezi)

Hawadai. Ila rudi palepale useme ni kipi hasa kilichoiponya. Mwakani kijana wa Magu atatafuta tatizo hilohilo, akute maneno yako badala ya "asanteni, imekubali" tupu. Siku ukikutana na swali unalolijua, hata la kitoto, lijibu. Kwenye mtumbwi wa dagaa mgeni huanza kwa kuchota maji yaliyoingia ndani.