Panga chakula cha wiki ukifuata saa mnazofika nyumbani

Watu wakiniuliza vile tunalisha familia bila kumaliza mshahara na sisi wote tuko mbio kutoka Jumatatu, wanatarajia niwaonyeshe duka ambalo unga ni bei ya chini. Lakini tofauti ya unga ni ya shilingi kidogo tu. Pesa ya chakula Nairobi inapotelea zile jioni umeshuka matatu saa mbili na nusu, mvua inanyesha, watoto wana njaa, hakuna kitu kimechemshwa, basi unapitia chipo za pale stage, mkate, mayai ya kuchemsha, pakiti mbili za maziwa, na hiyo jioni moja inakula bajeti ya siku mbili tatu. Na hawajashiba bado. Kwa hivyo mimi kabla nifikirie tutakula nini, naanza na nani anafika nyumbani saa ngapi.

Jumapili baada ya kanisa naandika kwa WhatsApp ya familia (tuko watu sita, pamoja na dada mdogo wa mume wangu anayesoma koleji) nauliza kila mtu jioni zake. Nani ana chama, nani ana mazoezi ya kwaya, nani ako shifti ya jioni, mwezi unaisha lini juu Ijumaa ya mwisho wa mwezi jam ya Thika Road inajulikana. Kila jioni inapata jina lake: kuna jioni ya kupika, yaani mtu mzima ako nyumbani kufika saa kumi na mbili, kuna jioni ya kupasha, ambayo tunafika tumechoka na kazi ni kuwasha gesi tu, na kuna jioni ya dakika ishirini, ya kupika kitu cha haraka. Ukishajua Jumanne na Alhamisi ni za kupasha, hauwezi tena kupangia chapati siku hizo, na hapo ndio ratiba nyingi huvunjika, mtu anaandika vyakula vizuri kwa karatasi lakini havilingani na maisha yake. Msimu wa mvua ndefu, kuanzia Machi hadi Mei, mimi huhesabu karibu kila jioni kuwa ya kupasha, matatu hazitembei.

Sasa hizo jioni za kupasha zinabebwa na maharagwe. Mimi huloweka Jumamosi usiku, nachemsha Jumapili tukifua nguo. Gorogoro moja, ile ya kilo mbili hivi, ikiiva inakupa kama kilo tano, na hiyo ni chakula cha jioni kadhaa. Maji ya kuloweka mwaga, weka mengine safi, na maharagwe mekundu lazima yachemke kwa nguvu angalau dakika 10 juu mabichi yana sumu ya kuumiza tumbo, usiyapike kwa moto wa chini tu toka mwanzo hadi mwisho. Ukiwa na presha kuka, yaliyolowekwa yanaiva kama nusu saa. Kama hauna, tafuta kikapu cha fireless, kile kimeshonewa nguo na kujazwa ndani kishike joto: chemsha maharagwe vizuri kwa jiko hata nusu saa, funika sufuria, ingiza kwa kikapu likiwa bado linatokota, enda kanisani. Ukirudi yameiva ama yamebakisha kidogo, unayachemsha tena, na gesi haijateketea. Kwa mtu anatumia mtungi wa kilo 6 hii inaonekana kabisa mwisho wa mwezi.

Chumvi na vitunguu usiweke bado. Yakipoa yapange kwa mikebe kulingana na mlo mmoja wa familia yako, na uweke pamoja na supu yake kiasi cha kufunika, juu yakikaa bila supu yanakauka na kupasuka. Wacha nafasi ya kidole juu ya mkebe, supu ikiganda inapanda. Mimi hutumia mikebe ya aiskrimu na ya siagi, naosha naweka, tangu karatasi za plastiki zipigwe marufuku 2017 nimezoea hivyo na kusema ukweli mkebe ni bora, unapangika kwa friza bila kumwaga. Mkebe wa leo jioni unatoka friza asubuhi ukienda kazi unashushwa kwa friji chini. Kama huna friza, ya friji yatumie ndani ya siku tatu ama nne.

Kwa hayo maharagwe Jumanne unakaanga na kitunguu, nyanya na dania mnakula na wali, Alhamisi unachanganya na mahindi inakuwa githeri, wikendi yakibaki ni chapo dondo, yaani chapati na maharagwe, na hapo hakuna mtoto wa Nairobi atakataa. Ndengu nazo hazihitaji kulowekwa, zinaiva ndani ya saa moja, kwa hivyo hizo ziwekee jioni ya kupika.

Kuhusu mahindi ya githeri nataka kusema kitu kwa uzito. Ukiona yana madoa ya kijani ama meusi, ama yananuka unyevu, yaache hapo hata kama ni nusu bei. Sumu ya aflatoksini haitoki kwa kuchemsha. Mwaka 2004 iliua watu zaidi ya 100 nchini, wengi wao Ukambani, na walikuwa wanakula mahindi ya nyumbani kwao. Ingiza mkono ndani ya gunia, usiangalie yale ya juu peke yake.

Nafaka mimi hununua mshahara ukiingia, Nyamakima, pale mjini kwenye maduka ya nafaka, kabla pesa ianze kutawanyika. Ya mboga inategemea unaishi wapi. Marikiti, lile soko kubwa la mboga mjini, bei ya jumla ni nzuri lakini uende alfajiri na muwe wawili ama watatu mgawane, kabeji za gunia moja si za nyumba moja. Ukienda peke yako, nauli na mtu wa mkokoteni vinakula ile faida yote. Nyanya ndio napenda kugawana na jirani, zikiwa rahisi tunasaga zile zimeiva sana, tunachemsha na vitunguu hadi maji yaishe, tunaweka kwa vikombe kwa friza, na hapo umeokoa dakika kumi na tano kila jioni ya kupasha.

Mboga za majani zina mpangilio wake. Terere, kunde na sukuma zinaliwa mwanzo wa wiki, kabeji na karoti zinangoja hadi Alhamisi bila shida, viazi havina haraka, viweke tu mahali pa giza visianze kuwa kijani. Managu ni tofauti, ukichemsha Jumapili ukaongeza maziwa, siku ya pili ukiongeza mengine kidogo ukapasha inakuwa tamu kushinda ya kwanza. Na mama mboga wa hapa kwetu bado namhitaji. Namtumia meseji saa kumi, "nikatie sukuma ya hamsini nitapitia," nikishuka stage ananiambia "kasitoma, yako hii," iko tayari imekatwa laini. Jioni ya dakika ishirini ni hiyo sukuma, ugali na omena ambayo Jumapili nilishaichambua, nikaiosha na maji moto na kuikaanga kavu, inangoja tu nyanya. Omena ina protini na kalisi, watoto wanaila na mifupa yake, na hakuna nyama utapata kwa bei hiyo.

Nyama pia tunakula, lakini nusu kilo inafanya kazi mara mbili. Ya kusaga naipika na ndengu zilizoiva, zinashikana vizuri sana hata mgeni hajui ni nyama kiasi gani iko ndani. Ile ya mifupa nachemsha na viazi vingi, supu inayobaki napikia wali siku ifuatayo.

Chakula cha mchana wazazi wengi wanasahau kukiweka kwa hesabu. Kama mtoto wako ako shule ya msingi ya umma hapa Nairobi na anakula Dishi na County, ile ya shilingi 5 iliyoanza 2023, mwulize amekula nini. Mara nyingi ni wali na maharagwe ama ndengu, na ukimpikia hiyohiyo jioni atachezea sahani, chakula kitaenda kwa ndoo. Wangu mdogo ndiye anakula huko, kwa hivyo jioni zangu za wali na maharagwe nazipeleka siku amekula kitu kingine, na ikigongana anapata ugali wa shangazi yake, basi. Wanaobeba chakula kutoka nyumbani ni rahisi, pika jioni na utoe sehemu yao kwa mkebe kabla watu wakae mezani, ukingoja mwisho hakuna kitu utapata. Wali ukibaki uingie kwa friji mapema, usilale kwa sufuria juu ya jiko.

Na usifanye hii kazi peke yako. Mtoto wa miaka kumi anachambua maharagwe, wa sekondari anasonga ugali, mume wangu Jumamosi anakanda unga wa chapati na anakanda kunishinda. Tunapika nyingi, zinazobaki zinaliwa na chai Jumatatu asubuhi, hiyo mkate hatununui.

Swali ambalo huulizwa sana ni stima ikipotea na friza imejaa. Usifungue fungue. Friza iliyojaa ikifungwa inashika baridi karibu siku mbili, iliyo nusu kama siku moja, kwa hivyo nafasi ikibaki jaza chupa za maji zigande. Stima ikirudi guza mkebe: kama bado una barafu ndani, rudisha. Kama umeyeyuka lakini bado ni baridi kama ya friji, pika siku hiyohiyo, ita hata majirani. Ukiwa umeshapata joto, mwaga.