Risiti zimewashiwa jiko na Machi imefika

*Shikamoo Shangazi. Naishi Pasua, hapa Moshi. Nina duka dogo la mahitaji ya nyumbani, liko hapa hapa mbele ya nyumba, na TIN, namba ya mlipakodi, ni ya jina langu. Ndani tuko wanane: mume wangu, watoto wanne, mama mkwe na dada wa kazi. Kwa siku nauza kama 25,000. Risiti za mzigo kutoka soko la Mbuyuni huwa nazitia kwenye kopo la maziwa juu ya kabati la jikoni. Juzi nimelishusha, nusu hazipo. Mama alikuwa akiwashia jiko la mkaa, na kitinda mimba wangu amezichorea nyingine. Mwaka jana nilienda kukadiriwa kodi ya duka mikono mitupu nikaandikiwa 250,000. Mume wangu anasema nisihangaike, kodi tunakatwa kwenye umeme wa LUKU na kwenye mshahara wake. Nifanyeje? Na mama nimwambieje bila kumvunjia heshima?*
*Mama Glory, Pasua*

Marahaba, mwanangu. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana kabati hilo la jikoni nalijua. Nilishika daftari la duka la vipuri la marehemu mume wangu pale Majengo, na risiti za mashine nilizipanga vizuri kabisa juu ya kabati, karibu na jiko. Masika yalipoanza nikazishusha: karatasi nyeupe tupu. Zile risiti huandikwa kwa joto, na joto ndilo linalozifuta, pamoja na mafuta, jua na mifuko ya plastiki. Nililia siku hiyo. Kwa hiyo hata zile ambazo mama hakuzichoma, zisingefika mbali hapo ulipoziweka.

Nianze na baba Glory. Kinachokatwa kwenye LUKU ni kodi ya jengo, shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida tangu Julai 2023. Cha kwenye mshahara wake ni kodi yake yeye kwa ajira yake. Mume na mke hatukadiriwi pamoja. Duka ni lako, nalo lina kodi yake. Msomee sehemu hii mkiwa wawili, si mbele ya watoto.

Sasa sikiliza hesabu, maana hapa ndipo pesa yako inapopotelea. Shilingi 25,000 kwa siku ni kama milioni 9 kwa mwaka. Mfanyabiashara mdogo mwenye mauzo kati ya milioni 7 na milioni 11 kwa mwaka, asiye na kumbukumbu za biashara, analipa 250,000. Mwenye kumbukumbu kamili analipa 90,000, na juu yake asilimia 3 ya mauzo yaliyozidi milioni 7. Kwako yaliyozidi ni milioni 2, asilimia 3 yake ni 60,000. Jumla 150,000. Laki moja nzima, Mama Glory, umeilipia daftari ambalo halipo.

Tena umekuwa ukilinda karatasi moja na kuiacha iliyo kubwa. Kwa ngazi yako kodi inahesabiwa kwenye mauzo, na wewe umeniandikia risiti za manunuzi tu. Hizo zitunze, zinathibitisha maneno yako, lakini mauzo ya kila siku yameandikwa wapi? Nunua kaunta buku. Kila jioni ukifunga duka, kabla hujaenda kuangalia ugali, andika tarehe, mauzo na manunuzi. Sukari na unga unaochota dukani kwa ajili ya nyumbani uandike pembeni, la sivyo mzigo na mauzo havitakutana na wewe mwenyewe hutajua kama unaibiwa au mnakula. Risiti ya mashine ikiingia tu, nakili tarehe na kiasi kwenye daftari, ipige picha kwa simu, kisha iweke kwenye bahasha ya karatasi ya mwezi huo. Kumbukumbu zinatakiwa zikae miaka 5, kwa hiyo chumbani, mbali na jiko.

Za mwaka uliopita, waombe nakala wale wa duka la jumla, na kusanya meseji za malipo kwenye simu. Lakini nakusihi, usikae usiku mmoja ukajaza mauzo ya mwaka mzima kwa kalamu moja. Daftari la namna hiyo linajulikana kwa macho, na ukishaonekana umetunga, hata la kweli halitaaminiwa. Nenda na ulichonacho kabla ya tarehe 31 Machi, kubali kitakachoamuliwa, na daftari lianze leo.

Malipo yamegawanywa mara nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kwa 150,000 kila awamu ni 37,500. Weka 500 kila siku kwenye kibubu. Kwa miezi mitatu inafika na kuzidi kidogo. Ninyi mnaolipa ada Januari mnajua Machi ilivyo kavu.

Kuhusu mama, sioni kosa lake. Bibi aliyekuta makaratasi yenye vumbi jikoni atajuaje ni mali? Yeye ndiye anayeshinda nyumbani siku nzima, basi mkabidhi. Mpelekee zile bahasha kwa mikono miwili, mwambie: "Mama, hizi ndizo karatasi za duka za serikali. Naomba unitunzie chumbani kwako, mtu asiziguse mpaka nikuombe." Kisha mwekee magazeti ya zamani pale karibu na jiko, awe na cha kuwashia.