Kabla chama hakijanunua hisa za dawa za homoni

Kwenye chama chetu cha kuweka akiba hapa Kondele, Kisumu, zamani tulibishana kuhusu ploti na bodaboda. Sasa vijana wanataka tununue hisa za kampuni za Marekani zinazotafiti dawa za homoni, hasa za kupunguza uzito. Wananiuliza mimi kwa kuwa niliwahi kufanya kazi kwenye majaribio ya chanjo ya malaria kule Kombewa, nikizunguka boma hadi boma kuwafuatilia watoto.

Chanjo ile, RTS,S, ilianza kutengenezwa 1987. Awamu ya tatu ya majaribio kwa watu, ambayo kwa kawaida ndiyo ya mwisho kabla ya kuomba kibali, ilianza 2009, ikamalizika 2014, na Shirika la Afya Duniani likaipendekeza itumike kwa upana Oktoba 2021. Kwa hiyo mtu akiniambia kampuni "iko karibu kutoa dawa", namuuliza kwanza: awamu gani? Kati ya dawa kumi zinazoingia awamu ya kwanza, ni kama moja tu inayoidhinishwa.

Chukua Viking Therapeutics ya San Diego, ambayo vijana wetu hawaachi kuitaja. Haina dawa hata moja sokoni. VK2735, inayoitegemea zaidi, huiga homoni mbili za utumbo, GLP-1 na GIP. Februari 2024, matokeo ya awamu ya pili ya dawa hiyo kwa njia ya sindano yalipotoka, hisa zilipanda zaidi ya maradufu kwa siku moja. Agosti 2025 ikawa zamu ya dawa hiyo hiyo kwa njia ya kidonge. Waliopata dozi kubwa walipungua kwa wastani wa asilimia 12.2 ya uzito ndani ya wiki 13. Si haba! Lakini asilimia 28 ya waliopewa dawa waliacha kabla ya muda, na hisa zikaporomoka kwa zaidi ya asilimia 40.

Vijana walishangaa, mimi sikushangaa. Kule Kombewa, mtoto akikosa kliniki tulimfuata hata kama amepelekwa kwa nyanya yake Bondo, kwa sababu kila anayepotea anayatia matokeo shaka. Na kama mtu anaacha kidonge huku wauguzi wa utafiti wakimpigia simu na kumbembeleza, atafanya nini akiwa nyumbani peke yake, tena akikilipia mwenyewe? Ndiyo maana mimi huanzia kwenye idadi ya walioacha, halafu ndipo nisome kilo zilizopungua.

Tena dawa inaweza kufanya kazi na hisa bado ikaanguka. Desemba 2024, CagriSema, sindano ya kupunguza uzito ya kampuni ya Denmark, Novo Nordisk, ilipunguza uzito kwa asilimia 22.7 katika majaribio. Kampuni ilikuwa imetarajia 25, na hisa zikapoteza takriban moja ya tano ya thamani. Novo angalau inauza insulini na Ozempic, dawa ya kisukari. Kampuni isiyouza chochote huishi kwa akiba, basi soma ripoti yake ya robo mwaka uone akiba hiyo itafika wapi kwa matumizi ya sasa. Ikikauka, itauza hisa mpya na fungu lako litapungua.

Kwenye kikao nilisema pesa za chama na karo za Januari zisiguswe. Anayetaka anunue kwa pesa zake, na kwanza athibitishe kwamba dalali wake yumo kwenye orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Wawili walinuna. Mweka hazina aliniongezea chai.