Bunduki ndani, watoto ndani: mmeuliza, najibu

Habari zenu jamani. Kwa wasionijua, nasoma udaktari hapa Michigan, mwaka wa tatu, na mimi na wenzangu Jumamosi zingine tunaweka meza nje ya makanisa na misikiti tunagawa makufuli ya bunduki bure. Meseji zimekuwa nyingi, hizi za Kiswahili nazijibu hapa.

Dada, nyie si mnasomea kutibu? Bunduki zinawahusu nini?

Zinatuhusu sana kaka. Tangu 2020 risasi ndo inaongoza kuua watoto na vijana wa miaka 1 hadi 19 hapa Marekani, imepita ajali za magari, imepita kansa, na wakipigwa wanaletwa kwetu. 2018 chama cha wenye bunduki, NRA, kiliwaambia madaktari wabaki kwenye mambo yao, madaktari wakajibu kwa kupost picha za nguo zao za upasuaji zimelowa damu, kwamba haya ndiyo mambo yetu. Nilikuwa bado sekondari, zile picha hazijanitoka mpaka leo.

Mimi mkimbizi, mtapeleka jina langu polisi?

Hapana baba. Hatuandiki jina, hatuulizi karatasi, hata kama unayo bunduki hatuulizi, unachukua kufuli unaenda zako.

Yangu nimeificha, watoto hawajui ilipo.

Mama, wanajua. Mwezi uliopita baba mmoja alituambia hivyohivyo, mwanae wa kama miaka sita akamvuta shati, "baba si ile iko kwenye boksi la viatu?" Yule baba alinyamaza kabisa, akaondoka na makufuli mawili. Kwa bastola ya magazini (lile kasha la risasi linaloingia kwenye mpini) fanya hivi: toa magazini kwanza, vuta ile sehemu ya juu ya bastola irudi nyuma uangalie na chemba, pale risasi inapokaa kabla ya kufyatuka, maana risasi moja huwa inabaki humo na ndo inayoua watu wakidhani iko tupu, halafu pitisha waya wa kufuli pale ganda la risasi linaporukia, utokee chini kwenye tundu la magazini, funga. Risasi zikae sehemu nyingine na kufuli lake, na ufunguo tembea nao, usiutundike kwenye msumari jikoni. Na tangu Februari 13, 2024 hapa Michigan ni sheria, kama kuna mtoto ndani au anaweza kuja, bunduki isiyo mikononi mwako itolewe risasi na ifungwe kwa kufuli, au ifungiwe kwenye sefu au boksi lenye kufuli, mtoto akiichukua akaua mtu unaweza kwenda jela hadi miaka 15.

Mwizi akija usiku nianze kutafuta ufunguo?

Nakuelewa, wengi wetu tumetoka sehemu ambazo usiku ulikuwa na mambo yake. Nunua sefu ndogo ya namba uiweke karibu na kitanda, ukizoea inafunguka kwa sekunde chache.

Mdogo wangu tangu mke amuache hayuko sawa, na ana bastola.

Hili lisingoje kesho, nenda leo. 2021 waliokufa kwa bunduki nchi hii walikuwa 48,830, na 26,328 kati yao walijiua, yaani zaidi ya nusu, watu hawajui hilo. Mara nyingi lile wimbi la kutaka kufa linapanda na kushuka ndani ya muda mfupi, lakini ukijipiga risasi mara nyingi hakuna kurudi. Kaa naye, muulize wazi kama anawaza kujiua, kuuliza hakumpandikizii wazo, halafu muombe ile bastola itoke pale kwa muda, ikae kwa mtu anayeruhusiwa kisheria, au ulizieni polisi na maduka ya bunduki, baadhi yao wanatunza. Namba ya msaada kwa mtu anayewaza kujiua ni 988, kupiga au meseji, saa 24.

Mwanangu anaenda kulala kwa rafiki yake Mmarekani, nawaulizaje bila kuonekana mshamba?

Changanya na maswali mengine: mwanangu karanga hali, mna mbwa? na kama mna bunduki, imefungiwa? Huku wazazi wengi hawachukii kuulizwa. Akikasirika, basi mwambie mtoto wao ndo aje alale kwako.