Ajenti ananishawishi nikate bima ya elimu ya watoto. Je, inafaa?

SWALI: Assalaam alaykum sheikh. Mimi ni fundi cherehani, nakaa Majengo, Mombasa, na mume wangu ana tuktuk. Ajenti wa bima amekuja dukani kwangu mara tatu. Anataka nilipe shilingi 3,500 kila mwezi kwa miaka 15. Nikifa kabla ya muda huo, kampuni itawapa watoto kiasi chote. Nikiwa hai, nitarudishiwa pesa zangu na bonasi juu. Mume wangu anasema bima ni haramu na ni kutomtegemea Mwenyezi Mungu, lakini tuktuk yake anaikatia bima, na SHA (bima ya afya ya serikali) tunalipa. Nifuate lipi? Nikikubali, nataka niandike jina la binti yangu wa miaka 19, kwa kuwa wadogo zake wawili bado wako shule ya msingi.

JIBU: Waalaykumu ssalaam warahmatullah, dada yetu.

Mumeo amekosea kwenye sababu, ila kwenye hukumu hayuko mbali. Kujiandaa na shida hakupingani na tawakkul, yaani kumtegemea Mwenyezi Mungu. Aliyemuuliza Mtume (s.a.w.) kama amfunge ngamia au amwache na ategemee, aliambiwa amfunge kisha ategemee, kama alivyopokea Tirmidhi. Kwa hiyo hilo tuliweke kando.

Tatizo liko kwenye mkataba wenyewe. Tupige hesabu: 3,500 kwa miezi 12 ni 42,000, na kwa miaka 15 ni 630,000. Ukifariki mwezi wa nne umetoa 14,000, nao watapewa mamia ya maelfu. Ukikwama ukaacha kulipa mwaka wa pili, huenda usirudishiwe hata senti. Hakuna kati yenu anayejua atatoa ngapi na atapata ngapi. Hiyo ndiyo gharar, yaani mkataba wenye mambo yasiyojulikana, na Mtume (s.a.w.) ameikataza katika Hadithi aliyoipokea Muslim. Hapo hapo, pesa zimebadilishwa kwa pesa zaidi za baadaye, na bonasi unayoahidiwa kwa kawaida hutokana na hati fungani za riba. Kwa sababu hizi Majmaa ya Fiqhi ya Kiislamu, baraza la kimataifa la wanachuoni, ilipokaa Jeddah Desemba 1985, iliamua kuwa bima ya kibiashara yenye ada maalumu ni haramu, na ikaelekeza watu kwenye bima ya kusaidiana. Sikufichi kwamba yupo mwanachuoni mkubwa aliyeipinga rai hiyo, Sheikh Mustafa al-Zarqa, naye aliona bima inafaa. Namheshimu, lakini kwenye bima ya maisha yenye riba ndani yake sioni pa kupitia.

Sasa hiyo bima ya kusaidiana ni nini? Naamini unaifanya kila wiki bila kuiita hivyo. Kwenye chama chenu cha akina mama mna mfuko wa msiba na ugonjwa. Mnachanga, aliyepatwa anapewa, na mwaka ukiisha kilichobaki mnagawana au mnakiacha kwa mwaka ujao. Hakuna aliyemuuzia mwenzake hatari; kila mmoja ametoa kwa nia ya kumsaidia mwenzake. Ndivyo walivyofanya Al-Ash'ariyyun, kabila la Masahaba kutoka Yemen: chakula kikipungua walikusanya walichonacho kwenye nguo moja, wakagawana sawasawa, hadi Mtume (s.a.w.) akasema, "Wao ni wangu, nami ni wao." Takaful, ndilo jina la bima hiyo ya kusaidiana, ni chama hicho kilichopanuliwa. Kampuni ni karani tu: inasimamia mfuko kwa ujira unaojulikana, na mfuko ukipungukiwa, inaukopesha bila riba.

Kenya ilipata kampuni yake ya kwanza ya takaful mwaka 2011. Mwaka 2014 wafugaji wa Wajir walilipwa fidia kupitia mpango wa aina hii, baada ya picha za setilaiti kuonyesha kuwa malisho yamekauka. Hakuna aliyetakiwa kuleta mzoga wa ng'ombe ofisini. Lakini usidanganywe na rangi ya kijani na neno "halal" mlangoni. Waulize mfuko wa wachangiaji umetengwa na pesa za kampuni au vimechanganywa, ziada ya mwisho wa mwaka ni ya nani, pesa zinawekezwa wapi, na masheikh wa bodi yao ni akina nani. Waulize pia kama wana takaful ya familia, iliyo badala ya bima ya maisha, maana leseni ya bima ya magari na mali si ile ya bima ya maisha. Anayebabaika kwenye swali la ziada, mwache.

Tuktuk ni suala jingine. Sheria inamlazimisha mumeo kuwa na bima ya mtu wa tatu, na aliyelazimishwa hana dhambi. Akate hiyo ya lazima tu, na akipata ya takaful, aichukue hata ikiwa ghali kidogo. SHA nayo ni mchango wa lazima wa serikali kwa matibabu ya wananchi, si biashara. Tibiwa bila wasiwasi.

Kuhusu jina la binti yako, umefanya vizuri kuuliza kabla ya kusaini. Akiba utakayoweka, hata kwenye takaful, ni mali yako. Ukifariki inaingia kwenye mirathi, na mumeo, wazazi wako wakiwa hai, na watoto wote wana mafungu yao. Hakuna wasia kwa mrithi. Ule msaada unaotoka kwenye mfuko wa wachangiaji huenda kwa waliotajwa kwenye mkataba, na hapo wataje wote watatu, kwani Mtume (s.a.w.) alimwamrisha baba yake Nu'man bin Bashir awe mwadilifu baina ya wanawe. Kama fomu ina nafasi ya jina moja tu, andika la binti, kisha andika karatasi mbele ya mashahidi kwamba yeye ni mwenye kushika amana, si mmiliki.

Usipopata takaful ya familia, gawa hiyo 3,500. Nyingi iweke akaunti ya mudharaba (mnagawana faida na benki, si riba) kwenye benki ya Kiislamu, na Mombasa zipo tangu mwaka 2008. Inayobaki, ongeza mchango wako kwenye mfuko wa msiba wa chama.

Ajenti akirudi mara ya nne, mwombe masharti kamili, si kile kikaratasi chenye picha ya mtoto kavaa joho. Niliwahi kuletewa mkataba wa Kiingereza wenye kurasa zaidi ya thelathini, na mwenyewe alikuwa amesoma ukurasa wa saini tu. Wako uniletee kabla hujaweka kidole.

Wallahu a'lam.