Muulize Fundi: Doa la dari linarudi kila nikipaka rangi

SWALI: Shikamoo Mzee Fundi. Niko Tanga, nyumba ni yangu, imeezekwa bati na dari yake ni ya jipsamu. Mvua za vuli zilivuja sebuleni karibu na taa, zikaacha doa la kahawia ukubwa wa sinia. Kijana wa rangi alipiga rangi nyeupe ya maji mikono miwili, wiki haikuisha doa likajitokeza. Akarudia, nalo likarudi. Sasa anasema rangi niliyonunua ni feki, nikanunue ndoo nyingine ya bei kubwa. Sendofu ya binti yangu ni mwezi ujao. Ninunue?
Mama wa Tanga

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usinunue. Ndoo uliyo nayo sina ugomvi nayo, na hiyo ya bei kubwa ingekufanyia vilevile.

Maji yaliyovuja yalipita kwenye kutu ya bati, kwenye mbao za kenchi, kwenye vumbi la miaka juu ya dari, mpaka kwenye karatasi ya jipsamu yenyewe. Kote huko yalichota rangi, kama majani ya chai yanavyotia rangi kwenye maji ya moto. Yalipokauka, uchafu ukabaki. Angalia doa lako: ukingoni ni jeusi zaidi kuliko katikati, maana uchafu husukumwa pembeni kadiri maji yanavyokauka. Sasa kijana anapopaka rangi ya maji, yale maji ya ndani ya rangi yanauyeyusha uchafu upya, na rangi ikikauka unapanda nayo hadi juu. Hata akipiga mikono mitano, anaulowesha tu.

Kinachozuia ni andakoti nyeupe ya mafuta, ile inayochanganywa na thina. Haina maji, kwa hiyo doa halina cha kuyeyukia. Ila nakuomba sana usiifungue kopo kabla ya kupanda juu ya dari. Mchana jua likiwa kali, mtu aingie kule ndani bila tochi: tundu la bati litajionyesha kwa mwanga. Asitafute juu ya doa peke yake, kwa sababu maji hutambaa juu ya papi, zile mbao zinazopigiliwa bati, na kudondokea mbali na yalikoingilia. Asipoona mwanga, mwingine amwagie maji kwa mpira juu ya paa, aanzie chini akipanda taratibu, wa ndani apige kelele akiona tone. Mara nyingi nakuta ni msumari uliolegea kwa joto la jua, au mpira wake umekatika. Huo ung'olewe na uwekwe mwingine mnene wenye mpira mzima. Kupaka lami juu ya msumari unaocheza ni kuahirisha, na hilo mafundi wenzangu wananiudhi nalo.

Kisha subiri pakauke. Weka mgongo wa mkono kwenye dari. Pakiwa na ubaridi kuliko pembeni, bado. Bonyeza pia kwa kidole gumba. Jipsamu ikibonyea au ikiwa imeshuka tumbo, hakuna rangi ya kuiponya, kata kipande hicho uweke kipya. Ukiona vidoa vyeusi vya ukungu, pangusa kwa sponji iliyokamuliwa yenye jiki kiasi kimoja na maji viasi vitatu, na usichanganye na sabuni ya choo wala dawa nyingine.

Rangi iliyovimba ikwanguliwe, msasa laini upite, vumbi lifutwe. (Kama kuna msomaji mwenye dari au paa la asbesto la zamani, asipige msasa wala kukwangua, vumbi lake linaua mapafu.) Andakoti ipakwe kwa brashi, ivuke ukingo wa doa shibiri moja kila upande, madirisha yakiwa wazi na jiko limezimwa. Iache hadi kesho yake. Doa likionekana kwa mbali, ongeza mkono wa pili. Usikubali akuwekee rangi ya mafuta ya kung'aa badala ya andakoti, rangi ya maji haishiki vizuri juu yake na patang'aa taa ikiwashwa.

Baada ya hapo tumia ileile ndoo yako ya rangi ya maji, mikono miwili, ukuta hadi ukuta. Ukipaka kiraka tu kitaonekana, kwani weupe wa zamani umeshafifia.

Mwezi mmoja unatosha kabisa kwa sendofu, bati likitengenezwa wiki hii. Na hiyo taa: maji yalipita jirani yake, kwa hiyo zima meini swichi na umwite fundi umeme aifungue aangalie nyaya kabla kijana hajapandisha ngazi.